Ulikwama chujio lipi?

Orodha ya walioitwa kwenye usaili wa kazi ya chuo kikuu ikitoka, hapa kwetu haisomwi na muombaji peke yake. Faili la PDF linaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, la waliosoma pamoja na la mtaa, na kabla ya Alasiri shangazi wa Fuoni ameshalipitia lote na kupiga simu kuuliza mbona jina halimo. Muombaji mwenyewe ameshalipitia mara nne. Katafuta jina lake, katafuta la babu, kajaribu hata kuandika Khamis bila ya K, huenda mchapaji kakosea. Halimo.

Kisha zinaanza pole. Za aina mbili. Wa kwanza atakwambia usubiri, riziki hupangwa, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wa pili atakwambia pale bila ya mjomba huingii. Yule wa kwanza kasema kweli, lakini mhunzi anaetaka kuendelea na kazi huangalia kwanza koleo limevunjikia wapi. Wa pili huenda nae kasema kweli, ila maneno yake yanafunga mlango: kama kila kitu ni mjomba, hakuna cha kurekebisha. Kazi ya chuo kikuu hupita kwenye machujio matatu tofauti, na anaekwama la kwanza hana tatizo moja na anaekwama la tatu. Tiba zao hazifanani, na hata uchungu wao haufai kufanana.

Kwanza soko lenyewe, kwani ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Kuna Chuo Kikuu cha Taifa, yaani SUZA, kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, kuna Abdulrahman Al-Sumait kule Chukwani. Ongeza Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Buyu, kampasi ya IIT Madras iliyofunguliwa 2023, na vituo vya Chuo Kikuu Huria. Idara moja ikiajiri mtu wa miaka 32, na akakaa mpaka kustaafu kwa miaka 60, kiti kimekaliwa kwa miaka 28. Kabla ya hapo kitarudi sokoni iwapo idara itapanuka, mwenyewe atahamia kwengine, au Mungu atamchukua. Hilo la mwisho hakuna anaeliomba, ingawa barazani watu hulihesabu. Kwa hiyo mtu wa fani nyembamba, tuseme isimu au fizikia, anaweza kuwa mzuri kabisa na bado akapita miaka bila ya kuona tangazo moja linalomhusu. Hapo hakukataliwa na mtu. Hakukuwa na mlango wa kugonga.

Chujio la kwanza ni la karatasi, na ndilo linaloangusha wengi. Watu hudhani kuna mzee amekaa akasoma barua yao nzuri ya maombi, akaiweka pembeni kwa dharau. Katika hatua hii hakuna anaeisoma barua. Kuna jadweli: jina, uraia, shahada ya kwanza, GPA yake (wastani wa alama), shahada ya pili, GPA yake, fani, cheti cha kuzaliwa, viambatisho. Kisanduku kimoja kikiwa kitupu, mstari mzima unatoka. Aliekukataa ni jadweli, na jadweli halina chuki wala undugu.

Kisanduku kinachouma zaidi ni cha GPA. Matangazo mengi ya mhadhiri msaidizi, kwa kufuata mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), hutaka shahada ya kwanza isiyopungua 3.8 na ya uzamili isiyopungua 4.0 kwa mizani ya 5. Sasa tufanye hesabu. Shahada ya miaka 3 ina krediti 360. Alama B ni pointi 3, B+ ni 4, A ni 5. Somo la krediti 10 likipanda kutoka B kwenda B+ linaongeza pointi 10. Gawa kwa 360, unapata 0.028 hivi. Aliemaliza na 3.70 alipungukiwa na pointi 36, yaani masomo manne aliyopata 58 badala ya 60. Mwenye 3.79 lingemtosha somo moja, lakini kuna vyuo vinavyokata desimali ya pili bila ya kuikweza, na cheti chake kinasomeka 3.7. Huo ndio unene wa ukuta: alama mbili za mtihani mmoja wa mwaka wa pili, pengine siku aliyokuwa na homa.

Ukali wa sharti hili unajadilika, na binafsi naona linatupa watu wazuri nje. Lakini muombaji hashindani na sharti siku ya kuomba. Mwenye 3.5 akituma maombi kumi na moja kwa mwaka kwenye matangazo yanayotaka 3.8, atapata majibu kumi na moja ya kukataliwa na hakuna hata moja lenye habari mpya ndani yake. Anajipiga bakora mwenyewe. Shahada ya uzamili ya 4.8 haiifuti ile ya kwanza, na anaekimbilia uzamivu kwa kudhani kuwa utaifunika, asome kwanza matangazo ya nafasi ya mhadhiri mstari kwa mstari kabla ya kutoa miaka minne ya umri wake. Nguvu hizo zielekezwe pahala pengine: vyuo vya ufundi vilivyo chini ya NACTVET, yaani baraza la elimu ya ufundi, ambavyo masharti yake ni mengine, nafasi za utafiti katika miradi, taasisi ya kilimo Kizimbani, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu, au masomo ya nje, ambako mara nyingi tasnifu na machapisho hupimwa kwa uzito zaidi.

Baada ya GPA kuna majina. Hili ni donda la Wazanzibari hasa. Mtoto kazaliwa Fatma, skuli ya bara ikamuandika Fatuma. Saleh kawa Salehe. Mwanakhamis kagawiwa maneno mawili kwenye cheti cha kidato cha nne, halafu chuo kikamuunga tena. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cheti cha shahada kina la ukoo. Muombaji anajijua kuwa ni mtu mmoja. Jadweli linaona watu wawili. Weka vyeti vyako vyote mezani sambamba, soma majina herufi kwa herufi, na ukiona tofauti uishughulikie leo, si wiki tangazo linapotoka. Angalia pia tangazo linataka kiapo au hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa, kwani si kitu kimoja.

Kuna na la mwajiri. Buyu ipo Unguja, lakini taasisi ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo usitarajie utaratibu wa Tume ya Utumishi Serikalini ya Zanzibar. Sekretarieti ya Ajira ya bara, kwa mfano, hurudia kwenye matangazo yake ya usaili kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo ya kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Inataka vyeti halisi. Aliesoma Sudan, Malaysia au India hutakiwa ithibati ya TCU. Kazi ya kuitafuta ithibati ianze siku unayorudi na sanduku lako.

La mwisho katika karatasi ni fani, na hili halisemwi vya kutosha. Vijana wengi wa Unguja na Pemba wana shahada ya sayansi na elimu au sanaa na elimu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mkopo na ajira ya skuli. Idara ya kemia ikitangaza inataka shahada ya kemia, cheti chao kinasomeka elimu. Wanajua kemia, wameisomesha miaka mitano, na bado kisanduku kinabaki kitupu. Mtu wa namna hii akichagua uzamili, aifuate kemia yenyewe na aache mitaala na uongozi wa elimu, hata kama ule wa elimu una masomo ya jioni na ada nafuu.

Chujio la pili ni usaili. Ukishaitwa, karatasi yako imepita na habari ya GPA imekwisha. Kwa kawaida kuna mtihani wa kuandika, uwasilishaji wa dakika 15 hadi 20 mbele ya jopo, na mahojiano. Anaetoka Micheweni au Wete kuja Unguja afike siku moja kabla. Boti ya Mkoani haina ahadi upepo ukichafuka, na jopo halikai kumsubiri mtu aliyekwama bandarini.

Uwasilishaji ndio unaoangusha watu walioandika tasnifu nzuri. Sababu ni moja kila mara: wanaisimulia tasnifu kwa mpangilio wa sura zake. Dakika ya 11 bado wapo kwenye mapitio ya maandiko, slaidi ya 19 kati ya 34, mwenyekiti anagonga meza, na matokeo ambayo ndiyo yaliyowapa shahada hayajatajwa. Dakika 15 zigawe hivi. Ya kwanza ni swali lako, kwa sentensi ambayo mtu wa idara nyengine ataielewa. Tatu zinazofuata ni kitu gani kilikuwa hakijulikani. Tano ni namna ulivyofanya na matokeo mawili, si saba. Tatu ni maana yake kwa hapa: kwa mwani wa Paje, kwa maji ya kisima cha Makunduchi, kwa skuli ya Konde, chochote unachokishughulikia. Tatu za mwisho, ambazo karibu kila mtu huzisahau, ni masomo gani ya idara hiyo unaweza kuyabeba kesho, kwa majina na namba zake kama yalivyo kwenye kitabu cha mwongozo wa chuo. Jopo halitafuti bingwa wa mwani peke yake. Linatafuta mtu wa kumpa darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 200 wiki ya pili ya muhula.

Slaidi zisipite 12. Chukua faili kwenye flashi, kwenye barua pepe, na nakala sita za karatasi, kwani projekta na umeme vina tabia zao.

Halafu kuna Kiingereza, jambo ambalo watu hulipita kwa haya. Usomeshaji wa chuo ni kwa Kiingereza, na wako watu wanaokiandika vizuri lakini hawajawahi kukisema dakika 20 mfululizo mbele ya watu. Mazoezi ya kusoma kimya chumbani hayasaidii. Jirekodi kwa simu, usikilize, hesabu mara ngapi umekwama pahala pamoja, kisha urudie mpaka pahala hapo palainike. Siku saba zinatosha kuona tofauti.

Chujio la tatu ni nafasi yenyewe. Kuna nafasi inatangazwa, watu wanasailiwa, kisha kibali cha ajira au fungu la mshahara halitoki na jambo linakufa kimya. Kuna nafasi ambayo idara tayari ina mkufunzi msaidizi aliyepelekwa masomoni, karudi, na tangazo ni la kumhalalisha. Na upande wa bara kuna kanzidata: waliofaulu usaili lakini nafasi zikawa chache huhifadhiwa humo na wanaweza kupangiwa kituo baadae. Mtu kafaulu, hakupangiwa, anaenda kuwaambia wazazi kafeli. Kakosa kuuliza tu.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Katika visiwa hivi mjumbe wa jopo ni jirani, ni mkwe wa binamu, ni mtu utakaekaa nae safu moja ya sala ya Ijumaa. Maziko si pahala pa kuulizia alama za usaili, wala harusi. Andika, kwa ofisi ya utumishi ya taasisi, baada ya wiki mbili hivi za matokeo, barua isiyozidi mistari sita: "Niliomba nafasi ya Mhadhiri Msaidizi wa Kemia na nikasailiwa tarehe fulani. Nimepokea matokeo na siombi uamuzi ubadilishwe. Naomba, ikiwezekana, kufahamishwa nilipungukiwa zaidi katika mtihani wa kuandika, uwasilishaji au mahojiano, ili nijiandae vyema kwa nafasi zijazo." Sentensi ya "siombi uamuzi ubadilishwe" ndiyo inayofungua midomo, kwani anaeipokea anaacha kuogopa kesi. Wengi hawatajibu. Mmoja akijibu kwa neno moja tu, "uwasilishaji", kakupa kazi ya miezi mitatu.

Sasa mjomba. Upendeleo upo, na anaekataa hajaishi hapa. Lakini uupime kama unavyopima dai jengine lolote. Kama hujawahi kuitwa na GPA yako ni 3.6, mjomba hahitajiki kuelezea chochote. Kama umesailiwa mara nne na taasisi nne ukakosa zote, majopo manne hayawezi kuwa na mpwa mmoja. Angalia uwasilishaji wako. Kama taasisi moja imekuita mara tatu na aliyechukuliwa hana sifa zilizoandikwa kwenye tangazo lao wenyewe, hapo una hoja: weka tangazo, tarehe na majina, upeleke malalamiko kwa maandishi. Na mtu akikwambia nafasi ipo lakini itahitaji "ya chai", kazi hiyo ni ya ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar, kwani mara nyingi mwenye maneno hayo hana hata nafasi ya kuuza. Aliyekataliwa juzi ni windo zuri la matapeli. Majarida yanayoahidi kuchapisha makala ndani ya siku saba kwa ada ni ukoo huo huo: yanachukua pesa na jopo linaloyajua linayahesabu kuwa sifuri.

Kimbilio la wengi baada ya kukosa ni kusomesha kwa mkataba wa saa. Si baya, ila fanya hesabu kabla ya kusaini. Somo la saa 3 kwa wiki, wiki 15, ni saa 45 darasani. Kwa somo jipya, matayarisho ni saa mbili kwa kila saa ya darasa: 90. Wanafunzi 80, mtihani wa mwisho dakika 15 kila karatasi: saa 20. Majaribio mawili, dakika 5 kila karatasi: saa 13 na zaidi. Jumla 168, na wewe unalipwa kwa 45. Masomo matatu ya namna hiyo kwa muhula na hutaandika makala hata moja, na mwakani jopo litakuuliza makala ziko wapi. Chukua somo moja, mawili ukibanwa. Dai barua ya uteuzi mwanzoni na barua ya kuthibitisha mwishoni, yenye jina la somo, namba yake na idadi ya wanafunzi. Bila ya barua hiyo, miaka mitatu ya kusomesha haina kisanduku kwenye jadweli.

Mwaka 2016 Johannes Haushofer, aliyekuwa profesa msaidizi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alitoa hadharani wasifu wa kushindwa kwake: vyuo vilivyomkataa, kazi alizokosa, makala zilizorudishwa. Wazo lilikuwa la mwanasayansi Melanie Stefan, aliyelipendekeza katika jarida la Nature mwaka 2010. Watu walilipenda sana. Ni zuri, ila tusilichukue zima zima. Profesa wa Princeton anapotangaza kushindwa kwake, kushindwa kumeshapita. Kijana wa Mwembeladu akiibandika orodha hiyo mtandaoni, atakuwa amewapa mtaa kitu cha kuzungumza mpaka Ramadhani. Fanya orodha, uiweke kwenye daftari lako. Tarehe ya tangazo, sharti walilolitaka, chujio ulilokwama, ushahidi wa kuwa ni hilo, na kitu kimoja utakachobadilisha. Kwenye safu ya ushahidi, ukijikuta umeandika "nahisi", iache tupu.

Jipe na muda. Kwa mtazamo wangu miezi 18 ya kuomba kwa bidii inatosha kwa mtu ambae karatasi yake haina tatizo. Kwa ambae tatizo lake ni GPA, hata miezi sita ni mingi. Uchungu ukizidi wiki mbili bila ya usingizi wala hamu ya chakula, huo si wa kungoja upite. Muone daktari, na ukipelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya afya ya akili, uende. Kejeli za jina la hospitali ile zimewazuia watu wengi mno kupata msaada wa kawaida kabisa.

Na simu ya shangazi wa Fuoni ipokee. Ukimwambia "Mungu hakupenda" atapiga tena kesho na jina la mtu anaejuana na mtu. Mwambie: "Shangazi, walitaka shahada ya kemia, yangu imeandikwa elimu. Nimeomba uzamili wa kemia, majibu mwezi wa tisa." Atauliza ada ni shilingi ngapi. Uwe na hesabu yake karibu.